Mwongozo Kamili wa Kutengeneza Ratiba ya Wiki Isiyovunjika Siku ya Tatu

Ratiba nyingi huandikwa Jumapili jioni, hufuatwa Jumatatu kwa ari kubwa, huanza kuyumba Jumanne, na ikifika Jumatano mchana zimekwisha kuwekwa kando. Wasomaji wanaonieleza habari hii karibu wote hujilaumu kwamba hawana nidhamu. Nimezipitia ratiba kadhaa walizonionyesha, na sikubaliani nao. Ratiba hizo zilibeba kazi nyingi kuliko siku inavyoweza kubeba, kwa sababu aliyeziandika alipanga muda anaotamani kuwa nao badala ya muda alio nao. Hata mtu mwenye nidhamu kali angeshindwa nazo.

Kwa hiyo tutaanzia pale ambapo wengi huruka, yaani kuupima muda kabla ya kuupanga. Kazi yote huchukua wiki mbili: ya kwanza ni ya kuandika tu bila kubadilisha chochote, na ya pili ni ya kuijaribu ratiba. Tafadhali usiziunganishe, hata kama una haraka.

## Vitu vya kuandaa

- Daftari dogo linaloingia mfukoni, na kalamu inayokaa nalo daima.
- Saa ya mkononi au ya ukutani. Ukitegemea saa ya simu, kila ukitaka kujua ni saa ngapi utakutana na ujumbe unaokusubiri.
- Karatasi kubwa moja ya kuchorea wiki, pamoja na penseli na kifutio. Ninasisitiza penseli, kwa kuwa ratiba ya kwanza ni lazima itafutwafutwa.
- Orodha ya miadi na ahadi ambazo tayari umeziweka kwa wiki mbili zijazo.
- Dakika 10 kila jioni, na saa moja mwishoni mwa wiki ya kwanza.

Programu za simu za kupanga muda zipo nyingi na baadhi ni nzuri, lakini ziache kwanza. Mtu anaweza kumaliza jioni nzima akilinganisha programu, akalala akiamini kwamba amefanya kazi.

## Hatua ya 1: Andika muda wako kwa siku saba

Kila unapobadilisha shughuli, andika saa na neno moja au mawili yanayoeleza unachoanza kufanya. Usisubiri saa izunguke ndipo uandike, na usijaze siku nzima usiku kwa kukumbuka. Kumbukumbu ya kichwani huzirefusha kazi ngumu na kuvifupisha vipande vidogo vilivyopotea, na vipande hivyo ndivyo tunavyovitafuta.

Hivi ndivyo ukurasa wa asubuhi moja unavyoweza kuonekana:

12:40 – nimeamka, simu kitandani
1:15 – kuoga, kuvaa, kula
2:30 – ripoti
2:48 – ujumbe wa simu
3:10 – ripoti
3:25 – mwenzangu ameniuliza jambo
3:50 – ripoti
4:30 – mapumziko

Mwenye ukurasa huu akiulizwa jioni alifanya nini asubuhi, atajibu kwa moyo mweupe kwamba aliandika ripoti kuanzia saa 2:30 hadi saa 4:30, yaani saa mbili kamili. Sasa jumlisha mistari yenyewe: dakika 18, kisha 15, kisha 40. Ripoti ilipata dakika 73 katika dakika 120. Hakuna uvivu wowote hapo. Alijibu ujumbe uliohitaji jibu, akamsaidia mwenzake. Hata hivyo, akipanga wiki ijayo kwa kuamini kwamba ana saa mbili kila asubuhi, kila asubuhi atakosa dakika 47 na hatajua zilikokwenda.

Sababu ya siku saba. Siku ya kazi na siku ya mapumziko hazifanani, na watu wengi huweka matumaini yao yote kwenye siku za mapumziko bila kujua jinsi zinavyojaa shughuli za nyumbani. Ukishindwa kabisa kufikisha siku saba, andika tano, lakini mbili kati ya hizo ziwe za mapumziko.

Tahadhari. Kuna kishawishi cha kujirekebisha unapojiandika: ukiona aibu kuandika "simu, dakika 50", utaiweka simu chini mapema. Jitahidi uishi wiki yako ya kawaida. Daftari hili halitasomwa na mtu mwingine, na wiki iliyopambwa itakupa vipimo vya mtu ambaye si wewe.

Jambo lingine dogo litakalokufaa baadaye: kando ya kila shughuli ya mchana weka namba 1, 2 au 3 kuonyesha nguvu za akili uliokuwa nazo. Namba 3 ni kichwa chepesi, namba 1 ni uchovu.

Utajuaje umefaulu? Fungua ukurasa wowote. Kama hakuna pengo linalozidi saa moja wakati ulikuwa macho, hatua imekamilika. Dakika chache zilizosahaulika hazina madhara.

## Hatua ya 2: Hesabu saa 168

Wiki ina saa 168, na hakuna anayepewa nyongeza. Chukua daftari na uziweke saa zako katika mafungu machache: usingizi, kazi au masomo yenye saa maalumu, safari, mwili na nyumba, yaani kula, kuoga, kupika, kufua na kutunza watu, halafu fungu la mwisho liwe kila kilichobaki.

Tuchukue mfano wa mtu anayelala saa 8 kwa siku, jumla 56 kwa wiki. Kazi yake ni saa 45, safari saa 10, na mwili na nyumba saa 4 kwa siku, jumla 28. Zote ni 139. Zinabaki saa 29.

Saa 29 zinasikika kuwa nyingi, na hapo ndipo ratiba nyingi hupata sumu yake. Rudi kwenye daftari utazame saa hizo zimekatwakatwa vipi. Zihesabu zile tu zilizokuja kwa vipande vya dakika 30 au zaidi bila kukatizwa. Mara nyingi zaidi ya nusu itayeyuka: dakika 10 za kumsubiri mtu, dakika 15 kabla ya kutoka, dakika 20 baada ya chakula. Vipande hivyo vina faida yake, lakini haviwezi kubeba kazi inayohitaji kufikiri.

Kinachobaki baada ya kuondoa vipande hivyo ndiyo mtaji wako. Kama ni saa 12, andika 12 juu ya karatasi kubwa na uizungushie duara. Wapo wanaokata tamaa wanapoiona namba hiyo. Mimi nawaomba waipokee kwa utulivu, kwa sababu saa hizo 12 walikuwa nazo miaka yote na walizitumia bila kujua idadi yake.

Tahadhari. Usipunguze usingizi ili namba ikue. Saa moja uliyoiiba usiku utailipa kesho yake kwa kusoma ukurasa mmoja mara tatu.

## Hatua ya 3: Tafuta saa zako za nguvu

Hatua hii ni fupi. Tazama zile namba 1, 2 na 3 ulizoandika, uone namba 3 zimejazana wapi. Kwa wengine ni asubuhi, kwa wengine ni baada ya giza kuingia, na hakuna aliye mwema kuliko mwenzake. Zipigie mstari kwenye karatasi. Kazi ngumu zitapelekwa huko na hazitapelekwa pengine.

## Hatua ya 4: Chagua kazi tatu, uziandike kwa maneno yanayoshikika

Kwa wiki ya majaribio chagua kazi tatu tu zitakazoingia katika mtaji wako. Watu hunibishia sana hapa, wakisema wana kazi kumi na tano. Ninaamini wanazo. Lakini orodha ya kazi kumi na tano huanza kufanywa kutoka ile iliyo rahisi, na ile iliyokufanya utafute mwongozo huu hubaki chini kabisa wiki baada ya wiki.

Ukishachagua, tazama maneno uliyoyatumia. "Kusoma kwa ajili ya mtihani" ni nia tu. Huwezi kujua umeanza wapi wala umemaliza lini. "Kusoma sura ya 4 na kujibu maswali yake 10 bila kufungua kitabu" ni kazi. Vivyo hivyo, "kushughulikia hesabu za biashara" iwe "kuingiza stakabadhi zote za mwezi uliopita kwenye daftari la mauzo". Kipimo ni hiki: mtu mwingine akiisoma sentensi yako, je, anaweza kukagua na kusema imekwisha au haijaisha?

Kama kazi ni kubwa mno kwa wiki moja, ikate. Andika sehemu itakayokamilika wiki hii, uiache iliyobaki.

## Hatua ya 5: Kadiria muda, kisha urekebishe makadirio

Hapa ndipo wengi wanapoangukia, wakiwemo wataalamu wa kazi zao, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Mwaka 1994 Roger Buehler na wenzake walichapisha utafiti ambamo waliwauliza wanafunzi wa chuo kikuu waliokuwa wakikamilisha tasnifu zao wangehitaji siku ngapi. Wastani wa makadirio ulikuwa siku 33.9. Waliombwa pia wakadirie iwapo kila kitu kingekwenda vibaya kadiri inavyowezekana, wakataja wastani wa siku 48.6. Muda waliotumia kweli ulikuwa wastani wa siku 55.5. Maana yake ni kwamba hata walipojaribu kuwaza mabaya yote, bado walikadiria pungufu.

Sababu yake ni rahisi kuiona ndani ya nafsi zetu. Tunapokadiria, tunaiona kazi ikienda hatua kwa hatua kuelekea mwisho. Hatuoni faili lililopotea, mtu asiyepokea simu, wala jioni ambayo mtoto ameamka na homa. Mambo hayo hayana majina wakati wa kupanga, kwa hiyo hayapewi nafasi.

Dawa ni kuacha kuuliza moyo na kuuliza daftari. Tafuta kazi mbili au tatu za wiki ya kwanza zinazofanana na unazotaka kupanga. Andika muda ambao ungezikadiria kabla ya kuzifanya, kisha muda halisi uliouandika. Gawanya wa pili kwa wa kwanza. Kama ulidhani dakika 40 na zikawa 65, kizidisho chako ni takriban 1.6. Kila makadirio ya wiki ijayo yazidishe kwa namba hiyo: kazi unayoiona ya saa mbili iandikie saa 3 na dakika 10 au zaidi.

Kama hukupata kazi za kulinganisha, anza na 1.5 na uirekebishe wiki zinavyokwenda.

Tahadhari. Baada ya kuzidisha, huenda kazi tatu zikazidi mtaji wako. Ondoa moja. Usirudi kubana makadirio ili zote zienee, maana utakuwa umejirudisha kwenye ile ratiba ya Jumapili jioni.

Utajuaje umefaulu? Jumla ya kazi zako baada ya kuzidisha haizidi robo tatu ya namba iliyo kwenye duara. Mwenye saa 12 apange zisizozidi 9.

## Hatua ya 6: Chora wiki

Chukua karatasi kubwa, chora siku saba kwa upana na saa kwa urefu, kisha ujaze kwa mpangilio ufuatao bila kuugeuza.

Kwanza ingiza yasiyosogea: usingizi, kazi, safari, chakula, miadi. Yaweke yote, hata yale unayoyaona madogo, kwa kuwa safari ya dakika 25 isiyochorwa ndiyo itakayoila saa yako ya kusoma.

Pili, peleka kazi zako tatu kwenye saa za nguvu, katika vipande vya kati ya dakika 50 na 90. Usiipe kazi moja dakika 20 hapa na 20 pale. Sophie Leroy alionyesha katika utafiti wake wa mwaka 2009 kwamba mtu anapoiacha kazi bila kuimaliza na kuhamia nyingine, sehemu ya mawazo yake hubaki kwenye ile ya kwanza, na ile ya pili huifanya kwa ufanisi mdogo zaidi. Kila kuhama kuna gharama, na kipande kifupi huliwa chote na gharama hiyo kabla kazi haijaanza kuonekana.

Tatu, zikusanye shughuli ndogo za aina moja. Ujumbe, simu za kupiga na malipo zipewe dirisha moja au mawili kwa siku. Ile asubuhi ya dakika 73 ingekuwa asubuhi tofauti kama ujumbe wa saa 2:48 ungesubiri mpaka saa 4:30.

Mwisho, chora masanduku matupu. Ile robo ya mtaji uliyoibakiza ndiyo inayoingia hapa, na ni vizuri moja liwe katikati ya wiki na jingine karibu na mwisho wake. Yaandike "wazi", uyalinde kama unavyolinda miadi na daktari. Ratiba isiyo na nafasi wazi huvunjwa na dharura ya kwanza. Yenye nafasi wazi huimeza dharura ile na kuendelea.

Utajuaje umefaulu? Ukiitazama karatasi kutoka mbali, unaona weupe. Kama kila mraba umejaa maandishi, futa.

## Hatua ya 7: Funga kila siku kwa dakika 10

Jioni, kabla ya kuacha kazi, keti na karatasi yako ufanye mambo mawili. Weka alama kwenye kilichofanyika. Kisha andika sentensi moja ya kesho yenye muundo huu: ikifika saa fulani, nikiwa mahali fulani, nitaanza kwa kufanya jambo fulani.

Kwa mfano: "Ikifika saa 2:30, nikiwa nimeketi mezani na simu ikiwa chumba kingine, nitafungua ripoti na kuandika aya ya kwanza ya sehemu ya pili." Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer amechunguza mipango ya namna hii kwa miaka mingi, na amekuta kwamba watu wanaotaja lini, wapi na vipi hutekeleza nia zao zaidi ya wale wanaotaja lengo peke yake. Ukishaamua jana, asubuhi huna la kujadiliana na nafsi yako.

Tendo la kwanza liwe dogo kiasi cha kutia haya. Kufungua faili. Kuandika kichwa cha habari. Ugumu wa kazi nyingi uko mlangoni.

## Hatua ya 8: Ratiba ikivunjika, ifanye hivi

Itavunjika. Siku moja katika wiki ya majaribio kipande kizima kitapotea, na utakachofanya katika dakika tano zinazofuata ndicho kitakachoamua kama ratiba itafika Jumapili.

Usisukume kila kitu mbele. Ukihamisha kazi ya Jumanne kwenda Jumatano, na ya Jumatano kwenda Alhamisi, utakuwa umeibomoa wiki nzima kwa ajili ya saa moja. Hamishia kipande kilichopotea kwenye sanduku la karibu lililo wazi. Kama masanduku yote yamekwisha, kifute, ukiandikie wiki ijayo, na uendelee na kinachofuata kwa saa yake ile ile.

Usijaribu pia kulipa deni usiku. Nimeona ratiba nyingi njema zikifia hapo: mtu anakesha kufidia, anaamka na kichwa kizito, saa zake za nguvu zinapotea, na deni linakuwa kubwa zaidi.

Kazi ikihamishwa mara mbili, simama uichunguze. Ama ni kubwa mno na inahitaji kukatwa, ama kuna jambo hulijui ambalo lazima umuulize mtu kwanza, ama huitaki tena na huna haja ya kuendelea kuibeba.

## Kama saa zako hazitabiriki

Anayefanya kazi kwa zamu, anayelea mtoto mchanga au anayemuuguza mgonjwa hawezi kuchora saa 2:30 akaiamini. Hatua ya 1 mpaka ya 5 zinamfaa kama zilivyo. Katika Hatua ya 6, aache saa na aandike mfuatano: kazi ya kwanza, ya pili, ya tatu, kila moja na urefu wake. Kipande cha utulivu kikitokea, huchukua iliyo juu kabisa bila kuchagua upya.

Na ile sentensi ya jioni aifunge kwenye tukio: "Mtoto akishalala, kabla sijakaa, nitafungua daftari." Tukio ambalo lazima litokee linategemeka kuliko saa ya ukutani. Mtaji wake ukiwa saa 4 kwa wiki, basi apange 3 na kazi iwe moja.

## Hatua ya 9: Mapitio ya mwisho wa wiki

Tenga nusu saa, siku ile ile kila wiki. Linganisha muda uliokadiria na uliotumia, na ukokotoe upya kizidisho chako. Hesabu ni vipande vingapi vilifanyika. Kwa wiki ya majaribio, ukifikisha sita katika kumi umefanya vizuri, na wiki inayofuata panga kiasi kile kile bila kuongeza. Ukifanya chini ya nusu, ratiba ilikuwa nzito; punguza kazi moja. Ukifanya vyote kwa wepesi wiki mbili mfululizo, ndipo uongeze kipande kimoja.

Usitarajie mambo haya yawe mazoea katika wiki tatu. Utafiti wa Phillippa Lally na wenzake, uliochapishwa mwaka 2010, uliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijijengea zoea jipya. Muda wa zoea kukomaa ulitofautiana kuanzia siku 18 hadi siku 254, na kuruka siku moja hakukuathiri maendeleo kwa kiasi cha maana. Kwa hiyo ukikosa mapitio ya wiki moja, fanya ya wiki inayofuata.

Baada ya miezi mitatu, au mapema zaidi ukibadilisha kazi, ukihama nyumba au ukipata mtoto, chukua tena lile daftari dogo urudie Hatua ya 1 kwa siku saba. Namba iliyo ndani ya duara itakuwa imebadilika.